Fujo, Ghasia na Vita: Maana na Matumizi

Katika nchi ya Mbulu, ambako Nambis imo, na kwa jirani zake, jamaa nne za lugha zimekutana: Kiiraqw ni cha jamaa ya Kikushi, Kidatooga ni cha Kinilo, Kinyiramba ni cha Kibantu, na Kihadza kiko peke yake. Kiswahili kilikuja huko kama lugha ya boma, ya baraza na ya mahakama. Kwa hiyo maneno ya machafuko yaliyozaliwa pwani yalifika bara yakiwa yamekwisha kuvaa joho la sheria.

Asili yao haikuwa hiyo. Fujo latokana na kufuja, yaani kuharibu kwa kutumia ovyo: mtu hufuja mali, hufuja na kazi. Machafuko yatokana na kuchafuka. Bahari huchafuka, na tumbo huchafuka pia. Ghasia, neno lenye asili ya Kiarabu, ni jamaa ya kughasi, yaani kusumbua. Soko lina ghasia siku ya mnada, wala hapana aliyekosa. Maneno haya yote yalieleza hali tu, hayakumtia mtu hatiani.

Sheria ndiyo iliyoyabadili. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 74, watu watatu au zaidi wakikusanyika kwa nia iliyokatazwa, mkusanyiko wao si halali. Wakianza kuitimiza nia hiyo kwa kuvunja amani, hapo ni ghasia. Polisi nao wana Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Jina hilo lastahili kuangaliwa: kinachotulizwa ni ghasia, wala sababu ya ghasia haikutajwa.

Mwezi wa Julai 1951, wakulima wa Kiembe Samaki, Unguja, walikataa ng'ombe wao wasichanjwe. Baadhi yao walishtakiwa na kuhukumiwa. Umati ukajaribu kuwaokoa, askari wakapiga risasi, na watu wakafa. Kwa serikali ya Kiingereza jambo hilo lilikuwa ghasia. Wananchi waliliita Vita vya Ng'ombe. Tofauti hiyo si ndogo. Vita vina pande mbili, na kila upande una dai lake. Ghasia ina upande mmoja tu, nao ni wa mkosaji.

Kuna na jina la tatu. Huko Hanang, kijiji cha Mulbadaw kiligombania ardhi na NAFCO, shirika la umma lililolima ngano katika malisho ya Wadatooga. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Walishindwa, lakini shauri lao liliandikwa kuwa madai, na hoja zao zimo katika kumbukumbu za mahakama hata leo. Anayeandikwa kuwa mfanya fujo huachiwa jina hilo tu, hata kama malalamiko yake ni yale yale.

Kwa hiyo mtungaji wa kamusi asitosheke kuandika kwamba fujo ni ukosefu wa utaratibu. Na mwanahistoria akutanapo na neno ghasia katika hati ya zamani, hana budi kwanza kuuliza ni nani aliyelitamka, kisha atafute wenyewe waliliitaje jambo lao.