Maradhi ya kinywa yanavyowatesa paka wa mitaani

PAKA aliyekonda anapokisogelea chakula, akakinusa kisha akaenda zake, wengi hudhani ameshiba. Mara nyingi mnyama huyo ana njaa, ila kinywa kinamuuma hata hawezi kutafuna.

Tatizo hili huwakumba hasa paka wasio na mwenyewe, kama wale wanaozurura masokoni na katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu.

Paka mchanga huwa na meno 26, ambayo hung'oka na kuachia nafasi meno 30 ya kudumu. Ukoga ukijikusanya kwenye meno hayo hugeuka kuwa gamba gumu, fizi huvimba na kutoka damu, na hatimaye mfupa unaoshikilia jino huliwa. Yapo pia maradhi ambayo jino lenyewe humomonyoka.

Baya zaidi ni uvimbe wa kinywa kizima, unaohusishwa na virusi mbalimbali, vikiwemo vile vinavyodhoofisha kinga ya mwili ya paka. Virusi hivyo huenezwa zaidi kwa kuumana, jambo la kawaida kwa paka shume wanaopigana mitaani. Havimwambukizi binadamu.

Dalili ni udenda, kinywa kunuka, kutafuna kwa upande mmoja na manyoya kuchakaa, kwa kuwa mnyama ameacha kujilamba.

Hata hivyo, udenda pia ni dalili ya kichaa cha mbwa, ambacho paka anaweza kumwambukiza binadamu. Kwa hivyo, usijaribu kumfungua kinywa paka usiyemjua. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini mara moja ili upate chanjo.

Tiba ni kazi ya daktari wa mifugo. Yeye humlaza paka kwa dawa ya nusukaputi, akamsafisha meno na kung'oa yaliyoharibika. Uvimbe ukiwa sugu, huenda akalazimika kung'oa magego yote, na paka wengi hupata nafuu na kula vyema bila magego hayo.

Usimpe kamwe dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu, kwani hata tembe moja ya paracetamol inaweza kumuua. Anayetaka kumsaidia kabla ya tiba na amwekee samaki aliyechemshwa, akaondolewa miba na kupondwa, bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa paka.