Kitufe kinachochoma: kutoka tochi ya babu hadi vepu ya mpwa wangu

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Timau kwa wiki mbili, nikiandika programu mezani kwa mama, na wale wanaoijua Timau wanajua kwamba asubuhi huko vidole hukataa kuandika hadi jua lipande. Leo sitazungumzia programu. Nataka kuwaeleza kuhusu kitufe kimoja kilichoniunguza kidole gumba, na historia ndefu iliyokuwa nyuma yake.

Mpwa wangu ni mwendesha boda boda pale stejini. Ana umri wa miaka 24, na tangu mwaka jana ameacha sigara, akahamia vepu. (Msiniandikie barua. Nikotini ni nikotini, na nimeshamwambia.) Vepu yake si ile ya plastiki inayotupwa. Ni bomba la shaba, ndani kuna betri moja, juu kuna koili, chini kuna kitufe. Haina chipu, haina taa, haina chochote cha kufikiri. Ukibonyeza, umeme unapita, ukiachilia, unakatika.

"Mjomba, wewe ni mtu wa kompyuta," akaniambia. "Hiki kitufe kinachoma. Nitengenezee."

Nyinyi mnaofanya kazi hii mnajua kwamba ukishaitwa mtu wa kompyuta, hata redio ya jirani ni yako. Nilibonyeza sekunde tano nikaitupa mezani. Ilikuwa moto kama kikombe cha chai ya maziwa iliyotoka jikoni.

Nilipoifungua nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaifungua kabla, miaka thelathini iliyopita. Ilikuwa tochi ya babu.

Babu alikuwa na shamba la viazi na mahindi upande wa msitu. Huo ulikuwa wakati kabla ya kujengwa lile handaki la tembo chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, lililokamilika 2010. Tembo walishuka Mlima Kenya wakielekea Lewa, na njiani walikula walichokikuta. Babu alilala na tochi ya betri tatu kando ya mto. Tochi ikikataa kuwaka usiku wa tembo, msimu mzima umekwenda. Kwa hiyo sisi wajukuu tulijua kuitunza. Mwanga ukififia tulisugua swichi kwa ubavu wa kibiriti, na springi ikilegea tulikunja karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara, tukaiweka chini ya betri. Betri zenyewe zikichoka tulizianika juani. Zilikuwa zile nyekundu zenye picha ya paka, kutoka Nakuru.

Hiyo Nakuru ina hadithi yake. Bomba lenye betri zilizopangana, balbu mbele na swichi ubavuni, lilipewa hataza Marekani Januari 1899 kwa jina la David Misell, Mwingereza aliyeishi New York. Kampuni yake ilikuwa ya Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Minsk, na baadaye ikaitwa American Ever Ready. Mwaka 1914 ilinunuliwa na National Carbon, ambayo mwaka 1917 ikaingia ndani ya Union Carbide. Na ni Union Carbide hao hao waliojenga kiwanda cha betri Nakuru mwaka 1967. Kile kiwanda kilifungwa 2014, baada ya kusongwa na betri za bei rahisi kutoka nje. Kwa hiyo babu, bila kujua, alilala na mjukuu wa tochi ya Misell kando ya mto wake.

Tochi zile za kwanza ziliwaka kwa kumemeta tu. Balbu zilikuwa za uzi wa kaboni na betri zilikuwa dhaifu, haziwezi kusukuma umeme kwa muda mrefu. Ukibonyeza unapata mwanga kidogo, unaachilia, betri inapumzika. Ndiyo maana Wamarekani wakaiita taa ya kumulika mara moja, na jina hilo wanalo hadi leo. Shikeni hilo la udhaifu wa betri, maana ndipo mambo yote yanapogeukia.

Sasa turuke hadi China. Mwaka 2003 mfamasia mmoja aitwaye Hon Lik alitengeneza sigara ya umeme tunayoijua leo, na baada ya miaka michache ilikuwa imefika Ulaya na Marekani. Vile vijiti vya mwanzo vilikuwa na betri ndogo zilizoisha haraka, na wavutaji wakakasirika. Mwaka 2008 Waingereza wawili, Ted na Matt Rogers, wakaja na kifaa walichokiita Screwdriver, chenye bomba kubwa na betri kubwa. Wengine wakachukua maganda ya tochi halisi, wakatoa balbu, wakaweka koili. Kwa hiyo nilipocheka pale mezani sikuwa nimekosea. Vepu ya mpwa wangu ni ukoo wa tochi kabisa.

Ila betri si ile. Betri ya babu ilikuwa ya kaboni na zinki, na ndani yake kulikuwa na ukinzani mkubwa. Hata ungeunganisha ncha zake mbili kwa waya, ingetoa ampea chache, ipate joto kidogo, ifariki. Udhaifu wake ulikuwa askari wake. Betri ya lithiamu, ambayo Sony waliingiza sokoni 1991, haina adabu hiyo. Ukiiunganisha vibaya inaweza kutoa makumi ya ampea kwa pigo moja, na ikishachemka ndani inatoa gesi na moto. Swichi ya mwaka 1899 imepewa betri ya karne nyingine.

Nikatoa mita yangu. Koili yake ilikuwa na ukinzani wa omu 0.25. Alipobonyeza, kwenye koili nilisoma volti 3.5, maana yake ampea 14. Kisha nikaweka ncha za mita pande mbili za kitufe. Kitufe kizuri kingesoma karibu sifuri. Hiki kilisoma volti 0.5. Zidisha kwa ampea 14: wati 7, zote zinaishia kwenye kitu chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Nani asiungue?

Tochi ya babu ilitumia kama nusu ampea. Swichi chafu kama hii, kwenye tochi ile, ingepoteza chini ya mia moja ya wati, na wala usingehisi. Joto halipandi sambamba na umeme. Umeme ukiongezeka mara 28, joto linaongezeka mara 28 mara 28, yaani karibu mara 800. Ndiyo maana sisi tulikuwa na tatizo la mwanga kufifia, na yeye ana tatizo la kidole.

Chanzo hakikuwa siri. Chini ya kitufe kulikuwa na springi ya chuma, na umeme wote ulikuwa unapita ndani ya springi hiyo. Chuma hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, tena waya wa springi ni mwembamba na mrefu ukiunyoosha. Juu yake kulikuwa na weusi wa shaba iliyooza kwa hewa, pamoja na maji matamu ya vepu yaliyovuja yakaganda kama asali. Dawa ni ile ile ya babu, imeboreshwa tu: nikaosha kwa spiriti, nikapitisha msasa laini hadi shaba ikang'aa, nikakaza nyuzi za skrubu, kisha nikafunga kipande cha waya wa shaba uliosukwa kando ya springi, ili springi ibaki na kazi ya kurudisha kitufe na umeme upite kwenye shaba. Watengenezaji wengine waliacha springi wakatumia sumaku zinazosukumana. Wazo zuri, ingawa sumaku za kawaida za aina hiyo zikizidi nyuzijoto 80 hivi huanza kupoteza nguvu, kwa hiyo kitufe kichafu kinaziua pia.

Nikapima tena. Volti 0.04. Baridi. Nikajisikia injinia.

Kisha nikaigeuza betri nikaona haina jina. Nikamuuliza ilitoka wapi.

"Ya laptopu iliyokufa, mjomba. Fundi mmoja Nanyuki aliniuzia mia moja."

Hapo nikakaa chini. Betri za namna hiyo, zilizotolewa kwenye tarakilishi za zamani, kwa kawaida zimekusudiwa ampea 4 au 5 mfululizo. Alikuwa anaivuta mara tatu ya uwezo wake. Na mimi, kwa kusafisha kitufe, nilikuwa nimeondoa kizuizi pekee kilichokuwepo. Zile volti 0.5 zilizokuwa zikipotea sasa zilikuwa zinakwenda kwenye koili, na ampea zimepanda hadi 15 na zaidi. Kidole kilichochomwa ndicho kilichomfanya aachilie kitufe. Kwenye kazi yetu tunalijua kosa la namna hii: unafuta ujumbe wa onyo, skrini inakuwa safi, halafu data inaharibika kimya kimya. Kuna watengenezaji waliojua hili, wakaweka makusudi springi inayolainika na kujikunja ikichemka, ili umeme ukatike. Yangu nilikuwa nimeizunguka kwa waya wa shaba.

Bomba lake halikuwa na tundu hata moja la kutolea gesi. Betri ikichemka ndani ya bomba lililozibwa, unacho kitu kinachofanana na risasi, na umekishika mdomoni. Mei 2018 mtu mmoja wa St. Petersburg, Florida, alifariki kwa vepu ya aina hii hii isiyo na chipu. Januari 2019 mwingine, wa miaka 24, alifariki Fort Worth, Texas. Miaka ya mpwa wangu.

Nilimsomea. Akanyamaza, kisha akasema nimemharibia siku, maana alikuwa ameahidi wenzake stejini kwamba mjomba ataitengeneza.

Tukaelewana hivi. Betri nabaki nayo. Bomba nikalitoboa matundu matatu chini, nikamfungia koili ya omu 1, ambayo hata kwa betri iliyojaa haivuti zaidi ya ampea 4.2, na nikamwambia betri atakayoweka iwe mpya, yenye jina na yenye uwezo ulioandikwa. Alijaribu na ya kwangu, akalalamika moshi ni mdogo kama wa uji. Wiki iliyopita mama aliniambia kwa simu kwamba bomba liko juu ya kabati na kijana amenunua nyingine, yenye chipu inayojizima yenyewe baada ya sekunde kumi.

Ile betri ya laptopu niliipima, nikaona bado ina maisha kwa kazi ndogo. Iko ndani ya tochi ya LED ya mlinzi wa viazi vya mama. Inavuta chini ya ampea moja.