Edison, saruji na hesabu za kesho

Wiki iliyopita mhariri wangu alinituma kwenda kuwaona vijana watatu waliounda mashine ya kufyatua matofali ya kufungamana. Unajaza udongo na saruji, unabonyeza kitufe, tofali linatoka. Kwa muda niliosimama pale ilifanya kazi vizuri kabisa. Mmoja wao akaniambia, "Kaka, tukipata mtaji tu, mwakani tunatoa matofali elfu kumi kwa siku." Nikaandika kwenye kijitabu changu: elfu kumi. Usiku, nilipokaa kuiandika habari, kalamu ikagoma. Nilimkumbuka Thomas Edison.

Ndiyo, ndugu msomaji, huyo huyo wa balbu. Wengi hatukufundishwa shuleni kwamba mzee huyu alikuwa na kiwanda cha saruji.

Katika miaka ya 1890 Edison alizamisha fedha zake nyingi katika mradi wa kuchenjua chuma huko Ogden, New Jersey. Alikuwa na roli kubwa za kusaga miamba mizima na sumaku za kutenga chuma. Mitambo ilifanya kazi. Tatizo likatoka kwingine: chuma bora na rahisi kilikuwa kinachimbwa Mesabi, Minnesota, na bei ikaanguka. Mradi ukafa. Basi akajiuliza, roli hizi zitasaga nini sasa? Mwaka 1899 ikazaliwa Edison Portland Cement Company.

Saruji hupikwa. Chokaa na udongo vikishasagwa huingizwa juu ya bomba kubwa la chuma lililoinama kidogo, linazunguka polepole, na mwali wa makaa ya mawe unawaka upande wa chini. Kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi unga ule unakuwa klinka, nayo ikisagwa ndiyo saruji. Mwingereza Frederick Ransome alipata hataza ya tanuri la aina hiyo mwaka 1885. Wamarekani wa zama za Edison walitumia matanuri ya kama mita 18. Edison akasema lake litakuwa mita 46. Zaidi ya hapo, alitaka mitambo ifanye kazi yenyewe: hata mizani ziliunganishwa na umeme ili uzito ukitimia mlango ujifunge bila mkono wa mtu.

Kwenye karatasi, tanuri moja lingetoa mapipa 1,000 kwa siku, pipa moja likiwa na kilo 170 hivi. Lilipowashwa halikufika hapo. Ikabidi kurekebisha, kujaribu, kurekebisha tena. Kisha Machi 1903 vumbi la makaa ya mawe likalipuka katika sehemu ya kusagia makaa. Wafanyakazi kadhaa wakafa.

Hapo ndipo huwa nakwama. Tunaposimulia habari za wagunduzi, mlipuko hupewa mstari mmoja, kisha tunakimbilia mafanikio. Lakini tanuri likiongezwa ukubwa, kila kinacholilisha lazima nacho kiongezeke: makaa, vumbi, joto, na watu wanaosimama karibu. Ukikosea kwenye mashine ya mezani unapoteza tofali. Ukikosea kiwandani unapoteza watu.

Kiwanda kilijengwa upya, na matanuri hatimaye yakapita yale mapipa 1,000. Edison alikuwa sahihi kuhusu urefu. Wenzake wakalipia haki ya kutumia tanuri refu, na matokeo yake saruji ikafurika sokoni na faida ikawa ngumu kupatikana. Akatafuta matumizi mapya: nyumba ya zege inayomiminwa mara moja kwenye kalibu za chuma. Kalibu hizo ziligharimu fedha nyingi na wajenzi wakazikwepa. Mwaka 1917 tajiri wa saa, Charles Ingersoll, alijenga nyumba 11 kwa njia hiyo huko Union, New Jersey. Wazo halikuenda mbali. Saruji yake, hata hivyo, ilijenga Yankee Stadium mwaka 1923.

Tanuri la kuzunguka ndilo limeshinda. Hata mfuko wa saruji wa Wazo Hill, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, umepita humo. Lakini kati ya wazo sahihi na mfuko dukani kuna miaka, hasara, na makaburi.

Asubuhi nilimpigia simu yule kijana. Nikamuuliza: matofali elfu kumi kwa siku, udongo utatoka wapi, yatakaushwa wapi, nani atayanunua? Akanyamaza kidogo. "Kaka, la kukaushia hatujalipigia hesabu." Nikampenda kwa jibu hilo kuliko kwa ile elfu kumi.

Habari niliiandika. Niliweka idadi ya matofali niliyoyahesabu kwa macho yangu siku ile, na swali la kukaushia nikaliweka pia. Mhariri ameniambia haina msisimko. Wewe ungeandika ipi?