Homa si Ugonjwa, ni Dalili

Majumbani tunasema, "Mtoto ana homa," na mara nyingi tunamaanisha malaria. Je, ni kitu kimoja? Leo turudi nyuma kidogo katika historia.

Kwa karne nyingi hata madaktari waliihesabu homa kuwa ugonjwa wenyewe. Huko Ulaya wengine walimtoa mgonjwa damu ili homa ishuke. Kisha Mjerumani Carl Wunderlich akawapima joto maelfu ya wagonjwa mjini Leipzig. Mwaka 1868 alichapisha kitabu kikieleza kuwa joto la mtu mwenye afya ni karibu nyuzi 37, na kwamba homa ni dalili tu.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria ndani ya damu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Ikajulikana kwamba malaria ni sababu mojawapo tu ya homa.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Afrika, mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa, kwa sababu maabara zilikuwa mbali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Leo tone moja la damu ya kidole linatoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimpe mtoto dawa mseto iliyobaki kwa jirani. Homa hata ikiwa ndogo, mpeleke akapimwe kabla saa 24 hazijapita. Akikutwa hana malaria na mkaruhusiwa kurudi nyumbani, mnyonyeshe au mpe maji na uji mara kwa mara, mvalishe nguo nyepesi, usimfunike blanketi zito. Parasetamoli mpe kwa kipimo ulichoelekezwa. Aspirini usimpe.

Lakini akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, au akilegea asiamke vizuri, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, usingoje dalili nyingine.

Mwambie na jirani ambaye hana redio.