Mtungi Usio na Mwenyewe

Gesi nyingi ya kupikia huingia Kenya kwa meli kupitia Mombasa. Hadi mtungi ufike Kanduyi, kando ya barabara ya Webuye kwenda Malaba, umepita mikono mingi, na anayenunua kilo 6 au 13 haoni kilichomo. Anachonunua ni uaminifu wa aliyeujaza. Tangu 2009, sheria imekuwa ikihangaika na swali moja: aliyeujaza ni nani?

Kabla ya hapo kampuni zilitumia vali tofauti, na regyuleta ya hii haikuingia kwenye mtungi wa ile. Mji ulio mbali na bandari uliumia zaidi: duka likiishiwa chapa yako, unarudi kwenye makaa. Kanuni za 2009 zikaleta vali ya aina moja na kuzilazimisha kampuni kubadilishana mitungi. Mteja akapumua. Ila mtungi nao ukawa rahisi kujazwa na yeyote mwenye pampu, awe na leseni au hana, jina la kampuni likiwa bado ubavuni.

Kujaza ni kazi ya mizani. Mtungi huandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Huongezwa kilo zake, basi. Ndani gesi hukaa kama kimiminiko, na kimiminiko hutanuka kikipata joto. Kikikosa nafasi, chuma hupasuka. Linganisha na mzamiaji wa Watamu, pwani: hubeba hewa yenye shinikizo la takriban ba 200, mara nyingi zaidi ya la mtungi wa jikoni, lakini chupa yake hugongwa tarehe ya kupimwa, na kituo makini cha kujazia hukataa kuijaza tarehe hiyo ikipita. Mjazaji asiyejulikana hana anayemwuliza hivyo.

Kuna wanaosema kanuni za 2019, zilizofuta ubadilishanaji wa lazima na kukataza kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake, zilirudisha ukiritimba. Hofu hiyo si ya bure, maana kampuni kubwa ndizo zenye mitungi mingi. Lakini vali moja ilibaki, na duka laweza kuuza chapa kadhaa. Aliyebanwa ni mjazaji asiye na jina. Udhaifu naona uko kwingine, kwenye usimamizi: usiku wa 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, mahali ambapo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali mwaka 2023. Maombi yalikataliwa, na bado lori la gesi lilikuwa ndani ya uwanja.