Jinsi swichi inavyoamua data ipi itangulie

MSAFIRI anayetoka Ruiru kwenda Thika jioni anajua kwamba upana wa barabara pekee hauondoi msongamano. Barabara Kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, ila ambalansi bado hutegemea magari mengine kuipisha.

Hivyo ndivyo ulivyo utaratibu wa ubora wa huduma katika swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta, simu na seva za ofisi. Utaratibu huo hauongezi uwezo wa mtandao. Huamua tu nani asubiri.

Tuseme hospitali ina makao Thika na tawi Ruiru, na kiungo kati yake ni cha megabiti 10 kwa sekunde. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 1.2 kupita. Mtu akipakua filamu na pakiti 200 zikajipanga, pakiti ya simu iliyo nyuma yake itasubiri milisekunde 240. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unashauri sauti ichelewe chini ya milisekunde 150. Foleni ikijaa, pakiti hutupwa. Daktari akitaja dawa miligramu “kumi na tano”, muuguzi aweza kusikia “kumi”. Barua pepe ina subira, sauti haina.

Kuainisha na kutia alama

Swichi huainisha pakiti kwa kutazama tundu ilikoingilia, anwani yake, au alama iliyokwisha kutiwa. Alama zinazotumika sana ni mbili. Ile ya 802.1p ina biti 3, hivyo madaraja 8, kuanzia 0 hadi 7, na hutumika ndani ya mtandao wa jengo. Ile ya DSCP, iliyowekewa kanuni mwaka 1998, ina biti 6, hivyo thamani 64. Sauti hupewa 46. Hii husafiri na pakiti hadi mwisho wa safari, mradi kampuni inayokodisha kiungo iiheshimu.

Baada ya hapo, kila daraja huelekezwa kwenye foleni yake.

Tahadhari

Kompyuta yoyote yaweza kujitia alama ya 46, mithili ya matatu iliyojifungia king’ora. Kwa hivyo, swichi iagizwe kuamini alama za simu za ofisi pekee na kuzirejesha nyingine zote kwenye 0.

Pili, foleni ya dharura iwekewe kikomo. Bila kikomo, ikijaa itazinyima foleni nyingine nafasi, na matokeo ya maabara hayatafika.

Kabla ya fundi kugusa swichi, wasimamizi sharti waandike ni huduma zipi haziwezi kungoja, na orodha hiyo iwe fupi. Endapo kila kitu kitaitwa cha dharura, ambalansi itakwama foleni kama magari mengine.