Nyaya za Uso wa Kompyuta: Kutoka Volti 240 hadi Pini Tisa

Kila kompyuta ya mezani inayounganishwa kwa mkono, iwe jijini Nairobi au katika mji mdogo wa Bukura, Kaunti ya Kakamega, hufikia hatua ambapo vipande vyote vikubwa vimeshakaa mahali pake lakini mashine bado haiwezi kuwashwa kwa kitufe chake, kwa kuwa nyaya nyembamba zitokazo kwenye uso wa kasha hazijafika kwenye ubao mama, yaani bamba kubwa la saketi linalobeba viungo vingine. Nyaya hizo ni za kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuanzisha upya, taa ya umeme na taa ya diski. Ingawa bei yake ni ndogo, historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini fundi wa mashinani huweza kuifufua kompyuta moja na kukwamishwa na nyingine yenye nguvu zilezile.

Kompyuta ya Altair 8800, iliyotangazwa Marekani Januari 1975 na kampuni ya MITS ya Ed Roberts, haikuwa na kibodi wala skrini, bali safu za swichi na taa ambazo kupitia kwazo mtumiaji aliingiza maagizo na kusoma majibu; na kwa kuwa iliuzwa hasa ikiwa vipande vipande, mnunuzi alilazimika kulehemu mwenyewe makumi ya nyaya kati ya uso huo na saketi za ndani. Kompyuta ya IBM ya Agosti 1981 ilikuwa kinyume chake kabisa, kwani swichi yake kubwa nyekundu ilikaa ubavuni, karibu na nyuma, ikiwa sehemu ya kifaa cha kugawa umeme chenyewe, na hapakuwa na waya wa kuvutwa hadi mbele.

Mpangilio unaofanana na wa leo ulianza na IBM PC AT ya mwaka 1984, iliyowekewa mbele taa mbili pamoja na kufuli la ufunguo halisi, ambalo likifungwa kibodi haipokei maandishi. Kampuni zilizoiga mashine hiyo ziliongeza kitufe cha kuanzisha upya na kile cha turbo, kilichopunguza kasi ya kichakataji ili ikaribie megahezi 4.77 za kompyuta ya 1981, kwa sababu baadhi ya michezo na programu za wakati ule zilipima muda kwa kasi hiyo na hazikuchezeka wala kutumika ilipozidi. Hatimaye swichi ya kuwashia nayo ikahamia mbele, na hapo ndipo hatari ilipoingia, maana haikuwa swichi ya ishara bali ya umeme wa ukutani. Kebo nene ya nyaya nne, wa kahawia, wa buluu, mweusi na mweupe, ilitoka kwenye kifaa cha kugawa umeme hadi usoni mwa kasha ikiwa na volti zote za soketi, ambazo nchini Kenya ni 240. Nyaya mbili zilileta umeme na mbili zikaurudisha, na aliyezichanganya aliweza kuukutanisha waya wa moto na ule wa kurudi, fyuzi ikakatika kwa kishindo pindi swichi ilipobonyezwa. Inasikitisha kwamba mpango huo ulidumu kwa miaka katika vifaa vilivyowekwa majumbani na madarasani.

Mabadiliko yalikuja Julai 1995, Intel ilipotoa muundo wa ATX, ambao umeshika nafasi kuu hadi sasa. Chini ya muundo huu kifaa cha kugawa umeme hakizimiki kabisa, bali hubakiza volti 5 za kusubiri kwenye waya wa zambarau, na kitufe cha mbele hakikati wala kupitisha umeme wa ukutani. Kazi yake ni kuzigusanisha pini mbili za ubao mama kwa muda mfupi, na ubao huo nao huushusha waya wa kijani hadi volti sifuri, ishara ambayo huamsha mashine nzima. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuiwasha kompyuta isiyo na kasha kwa kuzigusa pini hizo mbili na ncha ya bisibisi, jambo ambalo miaka michache kabla ya hapo lingeweza kumuua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Intel ilitoa pia mwongozo wa kupanga pini hizo katika safu mbili zenye nafasi kumi, moja ikiachwa bila pini ili iwe alama ya kuelekeza upande. Pini ya 1 na ya 3 ni za taa ya diski, ya 2 na ya 4 za taa ya umeme, ya 5 na ya 7 za kuanzisha upya, ya 6 na ya 8 za kuwashia, na ya 9 haiunganishwi na kitu. Umbali kati ya pini na pini ni milimita 2.54, na plagi za plastiki nyeusi zinazovishwa juu yake huandikwa kwa herufi ndogo mno “POWER SW”, “RESET SW” au “HDD LED”. Vitufe havichagui upande, lakini ledi, yaani taa ndogo inayopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu, huchagua; haiungui ikigeuzwa, ila haitawaka mpaka waya wake wa rangi ukae kwenye alama ya kujumlisha. Mwongozo huo haukuwa sheria, na watengenezaji wa ubao mama waliendelea kupanga pini walivyotaka. Kwa hiyo watengenezaji wa makasha waliziacha nyaya zikiwa mojamoja, ziweze kuingia popote.

Ulegevu huo, unaolalamikiwa na wengi wanaojifunza kuunganisha kompyuta, ndio unaomfaa zaidi fundi aliye mbali na maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi. Bukura, inayojulikana hasa kwa chuo chake cha kilimo kilichoanza katika miaka ya 1920, iko katika nchi ambayo kompyuta nyingi za shule na ofisi ndogo ziliingia zikiwa zimeshatumika Ulaya, nyingine kupitia mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, na nyingine kupitia wafanyabiashara wanaoziita ex-UK. Miongoni mwake ni Dell OptiPlex na HP Compaq, mashine imara zilizoundwa kwa ajili ya ofisi, ambazo nyaya zake za mbele huishia katika plagi moja pana ya mpango wa kampuni yenyewe. Ubao mama ukiharibika, ule wa kawaida unaopatikana Kakamega au Kisumu hauipokei plagi hiyo, na kompyuta ambayo diski, kumbukumbu na kichakataji chake ni vizima huweza kutupwa kwa kukosa njia ya kukifikisha kitufe kwenye pini mbili.

Njia ipo, nayo inahitaji subira kuliko fedha. Fundi huweka mita kwenye kipimo cha mwendelezo wa umeme, hugusa nyaya za plagi hiyo mbilimbili huku kitufe kikibonyezwa, na jozi inayoifanya mita ilie kila kidole kinaposhuka ndiyo ya kuwashia. Kisha kwa ncha ya sindano huinua ulimi mdogo wa plastiki unaoshika kila waya, huzichomoa mbili hizo bila kuzikata, na kuzivisha kwenye pini ya 6 na ya 8. Soketi za USB za mbele mara nyingi huachwa bila kuunganishwa, kwa kuwa waya mmoja ukikosea nafasi volti 5 huingia kwenye njia ya data na kuunguza kifaa kitakachochomekwa, na mashine iliyotengenezwa hivyo hutumia soketi za nyuma peke yake.